Walitaka Tuipunguzie Bei Nyumba Yako

Scarborough, Jumapili mchana

Mzee Badru,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu adabu hainitoki hata nikiwa na hasira, na leo nina hasira. Nimewakasirikia watu kadhaa wiki hii, na wewe ni mmoja wao. Nitafika kwako. Kwanza nikupe habari.

Nyumba yako imeuzwa. Mama Shirin amehamia fleti ya Don Mills, ghorofa ya nne, jengo moja na dada yake, na sasa anakwenda kusali jamatkhana kwa miguu bila kumsubiri mtu wa kumpeleka kwa gari. Kabati lako la vitabu lilikataa kuingia kwenye lifti. Wapagazi walilipandisha kwa ngazi huku wanatukana kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua. Mama Shirin akawapa chai, wakaacha kutukana.

Mimi ndiye niliyeiuza. Mama Shirin hakutaka dalali mwingine, ingawa nilimwambia wapo wazoefu kuliko mimi. Alisema, "Badru alikufundisha wewe, basi uza wewe." Nimeuza nyumba nyingi tangu uliponipa kile kiti karibu na dirisha, lakini hii nilikuwa naingia kwa kunyata. Nikiwaonyesha wageni jiko, naona pale ulipokuwa unasimama ukimenya machungwa. Nikifungua mlango wa besimenti, naona rafu ulizozigongelea misumari mwenyewe, zimekaa upande kidogo, na wewe ukisisitiza kwamba kilichopinda ni ukuta.

Unakumbuka ulivyonipata? Nilikuwa nasafisha ofisi za lile jengo la Sheppard, nikawa naongea na mama yangu kwa simu ya koridoni. Napiga kelele kwa sababu laini ya Tanga ilikuwa mbovu. Ukatoka ofisini ukasimama kunisubiri nimalize. Nikajua leo kazi imeota mbawa. Kumbe ulitaka kuniuliza, "Tanga ya wapi?" Nikakuambia Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Ukasema duka la baba yako lilikuwa barabara ya nane, ukacheka peke yako kama mtu aliyeokota kitu. Mwezi mmoja baadaye nilikuwa najifunza udalali wa nyumba. Mtihani wa leseni nikaanguka mara mbili. Mara ya pili uliniletea mihogo ya nazi aliyopika Mama Shirin, ukaitua juu ya kitabu cha sheria ya mikataba, ukasema nile kisha tuanze tena ukurasa wa kwanza.

Nakukumbusha haya ili ujue ninaongea na nani ninapokuwa mkali.

Soko unalijua. Tangu mwaka wa tisini bei zinashuka tu, na baada ya wewe kuondoka hazikupata huruma. Nyumba yako ilikaa sokoni majira yote ya joto. Watu wanakuja, wanasifu bustani, wanaondoka. Mwezi wa tisa akanipigia Julius.

Ndiyo, Julius wetu. Aliyekuwa kwako kabla yangu, kijana wa Nakuru uliyemtoa kwenye kuuza bima ukamfanya dalali. Yeye ndiye aliyenionyesha jinsi ya kutumia mashine ya faksi, na jinsi ya kusimamisha gari kwenye barafu bila kukanyaga breki kwa pupa. Alipohamia ile kampuni kubwa ya mjini ulimkumbatia mlangoni. Siku ya mazishi yako alibeba viti tangu asubuhi mpaka watu wakaisha. Kwa hiyo aliponiambia ana wateja wanaotafuta nyumba Malvern, nilifurahi. Nikasema angalau nyumba ya Mzee inapita kwenye mikono inayoijua.

Wateja wake ni mume na mke vijana. Mwanamke ni mwalimu wa shule ya msingi, mume ni fundi wa lifti. Watu wa kawaida tu. Walikuja mara mbili, wakaipenda. Tulijadiliana bei siku nne, tukashuka, wakapanda, tukakutana. Mkaguzi wao akaja na tochi yake akamaliza saa tatu nzima ndani ya nyumba. Akaandika kwamba mashine ya kupasha joto ni ya zamani lakini inafanya kazi, na kwamba kona moja ya besimenti hupata unyevu theluji inapoyeyuka. Wakaisoma ripoti hiyo. Wakatia saini kwamba wameridhika, wakaondoa masharti yote, wakalipa arbuni. Siku ya kukabidhiana funguo ikapangwa: Ijumaa, mwisho wa mwezi wa kumi.

Hapo kuna jambo ambalo lazima nilikiri. Siku walipokuja mara ya pili, Mama Shirin alimkalisha Julius jikoni. Chai, chevda ya kutafuna, kama zamani. Akamweleza yote kama mama anavyomweleza mwanawe: kwamba amepata fleti karibu na dada yake, kwamba atailipa kwa pesa za nyumba hii, kwamba siku ya kukabidhi huku ndiyo siku ya kulipa kule, na zikipishana hana pa kuzitoa. Mimi nilikuwapo. Nilisimama pale na kikombe mkononi, sikumkatiza. Ulinifundisha kwamba haraka ya mwenye nyumba haisemwi mbele ya dalali wa mnunuzi, hata kama dalali huyo mmelala chumba kimoja utotoni. Niliona ni Julius. Nikanyamaza.

Jumanne ya wiki hii wanunuzi walikuja kuitazama nyumba kwa mara ya mwisho, kama mkataba unavyowaruhusu. Yule mwalimu alikuwa na futi ya kupimia, akapima madirisha yote ya mbele na ya chumbani akiandika kwenye kijitabu. Aliniuliza takataka huchukuliwa siku gani. Mumewe aliingia besimenti, akakaa kidogo, akapanda. Wakaaga vizuri.

Jumatano, saa tatu asubuhi, simu ikalia ofisini. Julius. Akanijulia hali, akanijulia hali ya Mama Shirin, kisha akasema wateja wake wana wasiwasi. Wasiwasi wa nini? Mashine ya joto. Unyevu wa besimenti. Wakipunguziwa dola elfu tisa kwenye bei, wasiwasi utapungua. Wasipozipata, hana uhakika kama watamaliza Ijumaa.

Mzee, nilihisi masikio yanawaka. Mashine ile ile. Kona ile ile. Waliyoyasoma, wakayatilia saini, yamegeuka habari mpya zikiwa zimebaki siku mbili. Na nilijua kilichotokea hasa, kwa sababu bango lilikuwa mbele ya macho yangu kila nikija: nyumba ya mkabala, ile yenye mlango wa kijani, ilikuwa imeuzwa wiki iliyopita kwa bei ya chini kuliko yako. Wameona jirani kapata nafuu, nao wakataka nafuu. Lakini hawakuwa na uso wa kusema hivyo, ndipo ikazuliwa mashine ya joto.

Tena kwa nani? Kwa mjane wako. Mjane aliyekuwa amekwisha kuvifunga vyombo vyake vyote, amebakiwa na sufuria moja na birika.

Nikamwambia Julius hapana. Nikamwambia hata dola moja hapana. Nikamwambia na mengine ambayo sitayaandika siku ya Jumapili. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akasema kwa upole, "Rehema, hii ni biashara tu. Hakuna mtu anamchukia mama."

Nikamkatia simu, nikawasha gari, nikaenda kwa Mama Shirin nikiwa najiona shujaa. Nilimkuta sebuleni anazungushia glasi magazeti. Nikamsimulia, nikamalizia na jibu nililolitoa. Nilidhani atanishukuru. Akaiweka chini glasi aliyokuwa nayo, akaniuliza, "Ulimjibu kabla ya kuniuliza?"

Nikasema ndiyo, kwa sababu ni dhuluma.

Akasema, "Nyumba ni yangu, Rehema. Hasira ni yako."

Sijawahi kuona aibu kama ile tangu nije nchi hii, na nimeona aibu nyingi. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Dalali hupeleka neno na kurudisha neno, mwenye mali ndiye huamua. Nilikuwa nimemlinda mpaka nimemvua sauti yake. Nikamwomba radhi. Akanionyesha kiti, nikakaa, nikaanza kufunga glasi pamoja naye.

Baada ya muda akasema tuwape. Amechoka. Anaogopa wasipolipa Ijumaa ataikosa fleti, na akiikosa fleti atakwenda wapi na masanduku arobaini. Elfu tisa ni nyingi, akasema, lakini usingizi nao una bei yake. Safari hii sikubisha. Nilimwomba kitu kimoja tu: anipe mpaka kesho saa sita mchana kabla hajaamua. Akakubali.

Nikarudi ofisini nikafanya kama ulivyotufundisha, hatua kwa hatua, kwa sababu hasira ilikuwa imenishinda na nilihitaji kitu cha kushika. Kwanza, asiyeandika hajaomba. Nikampigia Julius nikamwambia kama wateja wake wana ombi, walilete kwa maandishi, litaje hitilafu gani mpya imeonekana Jumanne ambayo haikuwapo siku ya ukaguzi. Nilijua bomba likipasuka wiki ya mwisho, au paa likibomolewa na dhoruba, hapo mwenye nyumba hana budi kuongea. Ulituambia usije ukamwonea mnunuzi mwenye haki. Lakini alete. Faksi ikaja alasiri, mistari mitano. Hitilafu mpya haikutajwa hata moja. Yalikuwa maneno "hali ya jumla" na "wasiwasi", basi.

Pili, wakili. Yule mama wa Markham mliyekuwa mkitaniana naye kuhusu kriketi. Nikamsomea faksi kwa simu, akaniambia mkataba umekwisha kuwafunga: wasipomaliza Ijumaa wamevunja, arbuni yao inabaki kwetu, na wanaweza kudaiwa hasara mahakamani. Nikashusha pumzi. Kisha akasema, "Lakini kesi ni ya mwakani, Rehema. Mama anahitaji pesa keshokutwa."

Hapo ndipo nilipokuelewa kweli. Ulikuwa ukisema anayeomba punguzo siku ya mwisho haombi kwa sababu ya nyumba, anaomba kwa sababu ya saa inayokubana. Usihangaike kumjibu habari za nyumba, tafuta saa iko wapi. Saa yetu ilikuwa Don Mills, kwa mzee wa Kigiriki aliyekuwa anaiuza ile fleti.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwake nikiwa na dalali wake. Nilikuwa nimejiandaa kusihi. Nikamweleza ukweli bila kuupamba: kwamba mama anaweza kuchelewa kulipa, siku tatu, labda nne, na kwa nini. Alikuwa anahamia kwa mwanawe, hakuwa na haraka ya pesa. Aliniuliza swali moja tu, kama mama amekwisha kununua mapazia ya fleti. Nikasema amenunua, ya rangi ya krimu, na dada yake ameyapiga pindo. Akasema mtu aliyepindiwa mapazia atakuja. Akatia saini siku saba, Mzee, wakati mimi niliomba tatu. Nikatoka mle nikakaa kwenye ngazi za jengo nikalia kidogo, kwa sababu yule mtu hanijui mimi wala hakujui wewe, na hakudai chochote.

Saa sita kasoro nilikuwa kwa Mama Shirin. Nikaiweka ile karatasi ya siku saba mbele yake, na faksi ya Julius kando yake, na ripoti ya mkaguzi imefunguliwa kwenye ule ukurasa wa mashine ya joto, yenye saini zao chini. Nikamwambia uamuzi ni wake, na nitalipeleka neno lake kama atakavyolisema. Nikamwambia pia kwamba yule mwalimu alipima madirisha.

Akazisoma zote tatu kwa miwani yako. Anaivaa siku hizi, anasema yake imepotea, lakini mimi nimeiona ndani ya mkoba wake. Akasema, "Jana ningewapa, ingekuwa nimenyang'anywa. Leo nikitaka kuwapa, nitakuwa nimewapa mwenyewe." Akaikunja ile faksi. Akasema, "Waambie bei ni ile ile."

Nikaandika jibu la mistari minne. Hakukuwa na tusi wala kutisha. Kwamba hali ya nyumba ni ile waliyoikagua na kuikubali, kwamba bei haibadiliki, kwamba muuzaji yuko tayari kukabidhi Ijumaa, na kwamba asiye tayari atatuarifu kupitia wakili. Nikaituma saa saba mchana.

Saa tisa Julius akapanda ngazi za ofisi yetu.

Hakuwa amekanyaga pale tangu alipoondoka. Alisimama akatazama kiti chako, hakukikalia, akavuta kile cha wageni. Nilikuwa na hotuba nimeiandaa tangu Jumatano. Nilimwambia aliinywa chai ya Mama Shirin akaigeuza silaha. Nilimwambia asingethubutu kama Mzee angekuwa hai, kwa sababu Mzee alitukataza kabisa jambo hili, mimi na yeye.

Akasema, "Alikukataza wewe."

Kisha akanisimulia habari ya nyumba ya Victoria Park. Ilikuwa kabla sijaja. Wewe ulikuwa dalali wa wanunuzi, muuzaji alikuwa baba mmoja wa Trinidad ambaye kiwanda chake kilikuwa kimefungwa. Amepata kazi Alberta, lazima aripoti Jumatatu. Alikuambia mwenyewe, mkiwa mmesimama kwenye gereji yake. Zikiwa zimebaki siku mbili ukaandika barua kwamba paa lina wasiwasi. Julius ndiye aliyeipeleka kwa mkono, wewe ukisubiri garini. Yule baba aliisoma pale pale mlangoni, watoto wakiwa nyuma yake na masanduku, akatia saini punguzo. Na mkiwa njiani kurudi, ukamnunulia Julius chakula cha mchana, ukamwambia, "Umeona? Mtu akiwa na haraka, bei ni yako."

Julius aliyarudia maneno hayo kwa lafudhi yako. Nikajua hasemi uongo.

Hotuba yangu yote ilikuwa imesimama juu yako, na alikuwa amelivuta zulia chini yake. Akainuka, akasema atawashauri wateja wake wamalize, maana wamekwisha kutoa notisi ya kuhama kwenye fleti yao na hawana pa kwenda. Kumbe! Nao walikuwa na saa yao. Akashuka ngazi polepole kama mtu mzima.

Ijumaa nilikaa karibu na simu tangu asubuhi. Saa nne, kimya. Saa sita, kimya. Mama Shirin alikuwa nyumbani kwako amekaa juu ya sanduku, ananipigia kila nusu saa kuniuliza kama nimekula. Saa tisa na nusu wakili akapiga: pesa zimeingia, zote, bei ile ile. Nikaenda kukabidhi funguo. Lori la wanunuzi lilikuwa limeegeshwa mtaa wa pili tangu saa nne asubuhi, Mzee. Walikuwa wamekaa ndani yake siku nzima na mimea yao kwenye vyungu, wanaona haya kusogea mbele ya nyumba.

Yule mwalimu akanijia. Aliniambia wao hawakujua kama ni kosa. Waliambiwa kila mnunuzi huomba siku za mwisho, na wauzaji huwa wameiongeza bei mapema kwa ajili hiyo. Nikataka kumwambia mama aliyeketi juu ya sanduku hakuongeza kitu. Lakini Mama Shirin alikuwa amekwisha kutoka, akampa ufunguo, akamshika mkono akampeleka besimenti kumwonyesha jinsi ya kubembeleza ile mashine ikigoma. Na lile friza kubwa alilotaka kuliuza? Amewaachia. Ameliosha, ameweka karatasi juu yake: hili ni lenu. Nilipomwuliza kwa nini awape kitu watu wale, akasema hilo hawakuliomba. Nikakasirika upya. Najua yeye ana haki, lakini sijafika alipofika.

Sasa zamu yako.

Jana nilikwenda Don Mills kumsaidia kutundika mapazia. Nikamwuliza habari ya Victoria Park. Alishuka kwenye kigoda, akakaa kitandani. Akasema ni kweli. Akasema na mengine ambayo Julius hayajui. Kwamba mwaka uliofuata mlikwenda kununua mchele kwenye lile duka kubwa la Eglinton, na mtu aliyekuwa anawapakilia wateja mifuko alikuwa yule baba wa Trinidad. Kazi ya Alberta haikudumu. Akakutambua kabla hujamtambua. Akakusalimu kwa jina, akakuuliza hali ya afya, akakubebea magunia mawili ya mchele mpaka kwenye gari, akayapanga vizuri yasianguke. Ulitaka kumpa kitu, akakataa. Mama Shirin anasema ulikaa nyuma ya usukani bila kuwasha gari mpaka maziwa yakapata joto ndani ya mifuko. Wiki iliyofuata ukaanza kusema ofisini kwamba sisi hatuombi punguzo siku ya mwisho, na anayetaka kufanya hivyo akatafute ofisi nyingine.

Kwa nini hukutuambia?

Nakuuliza kwa hasira, Mzee, na nakuuliza nikiwa nalia, na huwezi kunijibu, jambo ambalo nalo linanikasirisha. Ulinipa katazo ukanificha kisa. Nikalibeba miaka yote hii nikidhani ni usafi wako wa kuzaliwa nao, nikajiona mchafu kila nilipotamani kubana mtu. Na Julius ulimwacha na nusu. Aliona barua ikifanya kazi, akala chakula kizuri, akasikia neno lako la ushindi. Uliporudi umebadilika ukatoa amri, yeye alidhani umezeeka tu, au unawaringia wateja. Mtu uliyemfundisha kwa kitendo ukamkanya kwa maneno, unadhani atashika lipi? Ungekaa naye nusu saa. Ungemwambia, Julius, nimemwona yule baba, na amenibebea mchele. Mama Shirin wako huyu huyu asingekalishwa juu ya sanduku mpaka saa tisa na nusu.

Ulikuwa na haya. Nalielewa hilo. Lakini haya yako tumeilipia sisi.

Nimeyasema. Moyo haujapoa, ila sasa angalau hasira yangu imefika inakokwenda. Bado nakupenda. Sikuwa nimepanga kuandika hivyo, lakini nimeandika na sitafuta. Ungekuwa mtu usiyeweza kukosea, kiti chako kingenitisha. Jana nilikikalia kwa mara ya kwanza, nikafungua barua za ofisi.

Ninakuahidi jambo moja. Kesho nitampigia Julius. Sijamsamehe, na huenda nikachukua muda, na sitajifanya. Lakini nitamwita tule mahali, tukae kama tulivyokuwa, nimpe ile nusu uliyoshindwa kumpa. Nitamsimulia habari ya duka la Eglinton: mtu yule, magunia mawili, na wewe umekaa ndani ya gari lililozimwa. Nitaitaja kwa jina lako, bila kukupaka mafuta. Na atakayekuja kujifunza kwangu siku moja, nitaanza naye hapo, kabla ya kitabu cha sheria.

Kwa heri, Mzee wangu. Mungu akupe mapumziko mema. Mama Shirin anasema nikuambie mapazia yametosha.

Binti yako wa ofisini,
Rehema